Raba Nilizokata Mwenyewe

4 Desemba

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana, nusu saa tu, kisha jua likarudi na uwanja mzima wa ndege ukatoa moshi kama ugali uliofunuliwa. Watu wa Maun, hapa Botswana, walitoka nje wakanyoosha mikono. Mimi nilikwenda kutazama mapipa yangu.

Kazi yangu hapa ni petroli ya ndege. Naipokea kwa mapipa, naipitisha kwenye chujio la ngozi, naijaza kwenye mabawa. Asubuhi, kabla rubani hajapanda, nafungua koki ndogo chini ya kila bawa na kukinga petroli kidogo kwenye glasi. Petroli ni ya buluu. Kama kuna maji, hukaa chini yakiwa hayana rangi, na mpaka kati yao huonekana wazi. Maji yakifika kwenye injini angani, injini huzimika. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza, na sikufundishwa jingine.

5 Desemba

Maji kwenye glasi ya Mkia Mwekundu. Kidole kimoja kizima.

Mkia Mwekundu ni ndege kongwe kuliko zote tatu za kampuni. Ina viti vinne na injini moja, na kila Jumanne na Ijumaa humpeleka nesi kwenye vijiji vya ndani ya delta ambako gari halifiki msimu wa maji. Rubani wake ni Mma Gaone (hapa Mma ni Bibi, Rra ni Bwana), binti wa miaka kama thelathini, mfupi, hukalia mto ili aone mbele. Niliendelea kukinga na kumwaga mpaka glasi ikawa buluu tupu, ndipo akaondoka.

Fundi mkuu, Rra Seeletso, aliitazama ile glasi ya kwanza, akanitazama mimi. Akasema mapipa yangu yanakunywa mvua. Nikayalaza yote ubavu ili maji yasisimame juu ya vifuniko.

6 Desemba

Maji tena.

9 Desemba

Maji. Oteng, mpakia mizigo wa uwanjani, aliniuliza mbele ya watu, "Mjomba, huko kwenu Binga choo hakuna? Maana naona unajisaidia kwenye mapipa." Walicheka wote. Mimi pia nilicheka. Mimi ni Mzimbabwe, na mtu wa kibali cha kazi hucheka.

12 Desemba

Leo nimejua jambo. Jana jioni Mkia Mwekundu ilirudi na matangi yakiwa nusu. Sikuongeza hata tone. Alfajiri ikanyesha. Asubuhi nikakinga: maji vidole viwili. Basi si mapipa. Maji yanaingia juu.

Nilipanda ngazi. Kofia za matangi zimezama kwenye bawa kama sarafu kwenye kibakuli, na mvua ilikuwa imejaa humo. Raba ya kuzibia imepasuka kama kisigino changu. Nilimwita Rra Seeletso. Hakupanda. Alisema anajua, ameagiza raba mpya kutoka Afrika Kusini, zitakuja zitakapokuja. Nikasema labda tungefunika. Akasema, "Jairos, kazi yako ni pampu. Mdomo nitakuomba nikiuhitaji."

Nilifunga karatasi ya nailoni juu ya kofia. Upepo umeichukua.

15 Desemba

Injini imekohoa wakati wa kuruka. Mma Gaone alikuwa ameshaacha ardhi, juu ya miti, nesi Mma Sethibe ameketi nyuma na boksi la chanjo magotini. Sisi wa chini tuliisikia ikikata mara mbili, kisha ikashika. Ilizunguka ikatua.

Nilikuwa nimekinga. Naapa nilikinga mpaka buluu. Rra Seeletso anasema ndani ya bawa hakuna tangi la bati bali mfuko wa mpira, na mfuko wa miaka mingi hujikunja, maji yakajificha kwenye kunyanzi mpaka ndege inyanyue pua. Kwa hiyo hata ukikinga sana hujui.

Lakini mwenye kosa alikuwa ni mimi bado. Aliniambia taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha: glasi moja zaidi yenye maji, nitapanda basi la kwetu. Kibali changu ni cha kazi hii tu. Kikifutwa, sirudi tena nchi hii.

Mma Gaone alikaa kwenye kivuli cha bawa akala gwinya lake, andazi la huku, polepole. Nilimletea chai. Alisema, "Rra Jairos, mimi petroli siioni nikiwa kule juu. Nakuona wewe tu chini, basi."

17 Desemba

Jumapili. Hapakuwa na mtu uwanjani ila mlinzi. Nilikata mpira wa ndani wa tairi la lori, mzuri, mzito, nikatengeneza raba mbili mpya kwa mkasi. Nikatoa zile zilizopasuka, nikavalisha zangu. Kofia ya kulia ina katundu kadogo katikati, kamefunikwa na kibati chenye kutu. Nikasema ndipo hapa mvua inapopitia. Nikakaziba kwa kipande cha mpira uleule na gundi ya viraka.

Sikumwambia mtu. Nikimwambia fundi atakataa kwa kuwa si raba ya kiwandani, na mvua haisubiri kiwanda.

19 Desemba

Imenyesha usiku kucha. Glasi ni buluu tupu.

20 Desemba

Buluu.

22 Desemba

Buluu. Kofia zimekuwa ngumu kufungua, raba imefura kwa petroli na kuziba vizuri zaidi. Nilifurahi.

24 Desemba

Rra Seeletso alipanda ngazi mwenyewe, akagusa kofia, akashuka. Akasema, "Naona sasa unakinga kama mtu mwenye macho." Ni mara ya kwanza kunisifu tangu nifike. Jioni alinitumia nyama ya mbuzi kutoka nyumbani kwake, na kidogo nilie, maana nyumbani Binga wanakula mboga.

31 Desemba

Matope. Nyigu wa udongo wamejaa karibu na bomba la maji, wanabeba tope na kujenga kila mahali. Kiatu changu cha kazi kilikuwa na nyumba ya nyigu ndani.

5 Januari

Leo imezimika kabisa.

Mma Gaone alikuwa anampeleka nesi kijiji cha mbali, safari ya dakika hamsini. Dakika ya thelathini na nane injini ilipungua nguvu, ikayumba, ikafa. Bahati ilikuwa pale pale juu ya uwanja mdogo wa kambi ya watalii. Alishuka bila injini akatua. Alipiga redio. Rra Seeletso alikwenda na ndege nyingine, akanichukua nibebe vyombo.

Nilipanda bawani nikapima kwa kijiti: petroli tele pande zote. Nikakinga: buluu. Rra Seeletso akawasha. Ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri kama si yenyewe. Aliiacha ikizunguka robo saa. Hakuna tatizo.

Alimwuliza Mma Gaone mara tatu kama hakugusa kitu.

6–8 Januari

Rra Seeletso amefungua kabureta, amesafisha chujio, amebadilisha plagi na mabomba mawili ya mpira. Nilishika tochi. Hakukuta hata punje ya mchanga. Anakula amesimama.

9 Januari

Amejaribu angani juu ya uwanja, dakika ishirini. Safi.

12 Januari

Ilikwenda kijiji cha karibu ikarudi. Safi. Oteng anasema mzimu umeshuka. Anasema pia huenda rubani mwanamke ameikanyaga mahali. Mma Gaone alimsikia. Alimwambia kesho Oteng apande aendeshe, na yeye Mma Gaone atabeba magunia. Oteng akarudi kwenye mizigo yake.

16 Januari

Safari fupi, hakuna tatizo. Safari ndefu, injini ikapungua nguvu dakika ya arobaini na moja. Alikuwa karibu na kutua, akatua. Tulikagua hapo hapo. Petroli ipo, safi. Ikawaka.

Mma Gaone ameanza kutembea na saa mkononi ameigeuzia ndani ya kiganja. Nimemwona anapanda ndege huku ameuma midomo. Nilimwuliza kwa nini asikatae kuruka. Alisema akikataa, watasema anaogopa, na kijijini kuna wajawazito watatu ambao nesi anawahesabia siku.

19 Januari

Namwandika Rra Seeletso kwa haki. Nilimdhania mkali wa bure. Leo nimemkuta amelala chali chini ya injini, vyombo vimetawanyika, hafanyi kitu. Alisema, bila kunitazama, kwamba ana miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na hajawahi kumzika rubani. Akasema tatizo linalojificha ukilitazama ndilo linaloua.

25 Januari

Imetokea. Ilikuwa juzi, tarehe ishirini na tatu; naandika leo kwa kuwa jana kazi ilikuwa mpaka usiku.

Asubuhi walipanda Mma Gaone na nesi. Dakika ya arobaini, juu ya nyasi za mafuriko, injini ikafa na haikurudi. Hakukuwa na uwanja. Alichagua kipande cha nyasi fupi kando ya maji, swala wamejaa, akapita juu yao kwa chini chini mpaka wakatawanyika. Gurudumu la mbele likazama kwenye tope, pua ikainama. Nesi alijipiga paji la uso kwenye kiti, nyuzi sita. Mma Gaone hana jeraha, ila kwenye redio sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

Sisi tulikwenda kwa gari na mtumbwi, mimi na Rra Seeletso, tukafika jioni ya juzi, wao wakiwa wameshachukuliwa. Tukalala kwenye hema. Jana asubuhi tukaanza kazi.

Yeye alikwenda mbele kwenye gurudumu. Mimi aliniambia nipime petroli, kama kawaida.

Pale hapakuwa na pampu, wala gari, wala ndege nyingine ikinguruma. Kimya tupu, vyura tu. Nilishika kofia ya kulia ikakataa. Nikaivuta kwa mikono miwili. Ilipoachia, bawa lilivuta pumzi. Fyuuuu, ndefu, kama mtu aliyezama akaibuka. Na ndani ya bawa nikasikia dub, dub, ule mfuko wa mpira unarudi kwenye umbo lake.

Mlio ule nimeusikia tangu sikukuu. Uwanjani huwa mdogo, pampu inauficha, na mimi nilidhani ndivyo matangi yalivyo. Kila safari tulipokagua, kitu cha kwanza kilikuwa mimi kufungua kofia. Kila tulipokagua, tuliiponya.

Nilikaa juu ya bawa nikamkumbuka mke wangu na kopo la mafuta ya kupikia. Ukilitoboa tundu moja, mafuta yanatoka matone matatu yanasita. Lazima utoboe la pili, hewa iingie, ndipo yatiririke. Mtoto anajua. Petroli ya ndege hii inashuka yenyewe kutoka bawani kwenda kwenye injini. Hewa inaingilia wapi?

Nilishuka. Chini ya bawa la kushoto, nyuma ya mhimili, kuna kibomba kimekatwa mdomo, hakina kazi machoni pa mtu kama mimi. Nilipiga magoti, nikakitia mdomoni, nikapuliza. Hakikupitisha kitu. Ulimi ulionja udongo.

Niliingiza waya. Vikatoka vipande vya tope gumu, na funza mmoja mweupe, na buibui waliokaushwa ambao nyigu alimwekea mwanawe.

Rra Seeletso alikuja kuona kwa nini nimepiga magoti. Alichukua lile tope kiganjani. Alikaa chini kwenye maji kabisa. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Nyigu. Wiki tatu ananichezea nyigu." Alinipiga bega. Alisema mimi ni fundi kuliko yeye.

Halafu akasema jambo lingine, akikuna kichwa. Akasema lakini haiwezekani nyigu peke yake, kwa kuwa waliounda ndege hii waliweka njia ya pili ya hewa, katundu kwenye kofia ya kulia, maana bomba likizibwa katundu kaokoe. Labda kameziba kwa kutu. Akasema atakatazama tukirudi.

Kofia ilikuwa mfukoni mwangu. Kipande changu cha mpira kilikuwa chini ya kibati, kimefura, kimekaa kama kilizaliwa humo.

Nilirudi juu nikaifunga.

26 Januari

Wameivuta Mkia Mwekundu kwa trekta na kuileta kwa lori. Uwanja mzima unanipongeza. Oteng amenunua soda. Ananiita daktari wa nyigu.

27 Januari

Nimepanda ngazi mara mbili leo ili nikitoe kile kipande. Mara ya kwanza Rra Seeletso alikuwa anatazama. Mara ya pili hakuna aliyetazama, na nikashuka bila kukitoa. Nikikitoa, mvua itaingia, glasi itakuwa na maji, nitapanda basi. Nikikiacha, nyigu akijenga tena, na nyigu atajenga, Mma Gaone atakufa. Siyo labda. Nimeona mwenyewe.

Njia ya tatu ni kusema.

29 Januari

Nimemwona nesi sokoni, kitambaa kichwani. Alinisalimia kwa mikono miwili akanishukuru mbele ya wauza samaki. Nilinunua samaki nisiyemhitaji ili niondoke.

30 Januari

Gurudumu limekwisha kutengenezwa. Kesho inaruka, na nesi ndani.

Nimesema.

Niliwakuta wote wawili kwenye karakana, Rra Seeletso anajaza kitabu cha ndege, Mma Gaone anasoma juu ya bega lake. Niliweka kofia zote mbili mezani, na mkasi, na kipande kilichobaki cha mpira wa lori. Nikaeleza tangu tarehe kumi na saba Desemba. Sikujitetea kwa mvua wala kwa raba zilizochelewa. Nilitaka kujitetea, ila nilimwona Mma Gaone anatazama katundu ka kofia na hamu ya kujitetea ikaniishia.

Rra Seeletso alikitoa kipande kwa ncha ya bisibisi. Alipuliza katundu. Nilingoja neno la basi.

Alichosema kilikuwa hiki: "Kofia hizi nimezishika mkesha wa sikukuu. Niliona raba mpya. Mimi sikuweka raba mpya. Nikajiambia, afadhali, maji yamekwisha, nisiulize." Akageuza kitabu upande wangu. Kila ukaguzi tangu siku ile una sahihi yake. Akaandika chini yake mambo yote, ya kwangu na ya kwake, kwa herufi kubwa, akaniambia niandike jina langu. Nikaliandika. Akaandika lake.

Mma Gaone alichukua kofia ya kulia, akaielekeza dirishani, akaona mwanga. Kisha akaniuliza, "Ungeninyamazia mpaka lini?"

Nilisema sijui. Ndiyo kweli.

Alitoka nje. Hakupiga mlango.

31 Januari

Raba za kiwandani bado. Rra Seeletso amekata nyingine kutoka kwenye mpira usiofura kwa petroli, katundu kako wazi, na amenipa turubai la kufunika mabawa kila mvua, lenye kamba na mawe. Jambo lililochukua nusu saa. Kibomba cha hewa kimefungiwa kitambaa chekundu cha kutoa kabla ya kuruka.

Dakika hamsini kwenda, hamsini kurudi. Ilirudi.

6 Februari

Barua ya kampuni imekuja. Rra Seeletso amepewa onyo la maandishi. Mimi nitamaliza kibali changu mwezi wa nne, hakitaongezwa. Alinisomea mwenyewe kwa sababu Kiingereza cha barua ni kigumu, kisha akaikunja na kunirudishia bila kusema pole. Nilishukuru kwamba hakusema.

Oteng haniiti daktari tena. Haniiti chochote.

13 Februari

Mvua. Maji kidogo kwenye glasi, nusu ya ukucha. Nilimwonyesha Rra Seeletso kabla sijamwaga. Akasema kinga tena. Nikakinga tena.

20 Februari

Mma Gaone amebadilisha desturi yake. Zamani nikimaliza kukinga alipanda moja kwa moja. Sasa nikishuka kwenye ngazi, yeye anapanda. Anafungua kila kofia niliyofunga, anapuliza katundu, anaifunga mwenyewe. Anashuka, anapiga magoti kwenye tope na sare yake, anapuliza kibomba. Anachukua glasi mkononi mwangu, anaimwaga, anakinga yake.

Hasemi neno la ubaya. Hunisalimia kama zamani, Rra Jairos, umeamkaje. Lakini anafanya kazi yangu yote upya mbele ya macho yangu, nami nasimama nimeshika ngazi isiyumbe.

Inaniuma kila asubuhi. Leo mvua ilikuwa inanyesha na kijiji kinamsubiri, mkono wake ulikuwa kwenye mlango wa ndege, akasita, akanitazama. Alikuwa anataka kuondoka tu.

Nilisogeza ngazi karibu na bawa, nikamwambia apande aangalie.